Kaimu Apiga Hodi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huwa nazo, na mimi niko njiani. Natumia daftari la Rahel la maandalio ya masomo. Mke wangu hajajua bado.

Hali ilivyo: Mjomba Abel anataka fremu yake. Huyu ni mjomba wa Rahel, na katika ukoo huu neno la mjomba ndilo la mwisho. Fremu ya duka ninayofanyia kazi hapa Nachingwea ni yake, na vyumba vya nyuma tunavyoishi ni vyake pia. Leo amesimama mlangoni, mikono mgongoni, akaitazama printa yangu kama anatazama mbuzi mgonjwa. Kisha akasema msimu wa kupulizia mikorosho umefika na salfa inahitaji mahali pa kukaa. Nimwonyeshe wiki ijayo kwamba nina kazi ya maana. Nikishindwa, fremu inakuwa ghala la salfa, na mimi nahamia Marambo kupulizia mikorosho yake.

Mimi! Fundi wa kompyuta mwenye cheti!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mchana nimesikia kwamba chama cha msingi cha wakulima kule Mandawa kinatafuta mtu wa kulinda kompyuta zao kabla ya minada ya ufuta. Mwenyekiti, Bi Mwamina, ametangaza kuwa hataki kuona vyeti. Anataka mtu atakayesimama mbele ya wanachama awaonyeshe mwizi wa mtandaoni anaweza kupenyea wapi. Mkutano ni Jumatatu ijayo.

Habari mbaya: Adinani naye anaitaka kazi hiyo. Adinani wa Ruangwa, niliyesoma naye chuo na kula naye sahani moja. Siku hizi ana ofisi yenye vigae. Vigae!

Jumanne, 3 Juni

Nina mpango. Ni mpango mzuri kiasi kwamba nimeshindwa kumalizia chai.

Zipo programu za kupima usalama. Wataalamu huzitumia kugonga milango ya mtandao, kujaribu paswedi, kutafuta palipo na ufa kabla mwizi hajapaona. Ninazo zote kwenye laptopu tangu chuo. Kuna tatizo dogo tu: sijui kuzitumia. Amri zake ni ndefu, na ukikosea nukta zinakutukana kwa Kiingereza. Adinani amezikariri zote, na alikuwa anazirudia hata usingizini.

Sasa kuna akili mnemba. Yule msaidizi anayemtungia Rahel mitihani ya darasa la tano anaweza kuunganishwa na programu hizo. Unaweka daraja katikati. Wewe unasema kwa Kiswahili, kagua mtandao huu, naye anashika zana mwenyewe, anapima, anakuletea majibu. Kazi anafanya yeye, sifa unachukua wewe. Sijawahi kuona uvumbuzi unaonifaa namna hii.

Nimehangaika na daraja hilo tangu asubuhi. Wateja waliokuja kutoa kopi nimewaambia warudi kesho. Adhuhuri likakubali! Msaidizi nimempa jina la Kaimu, kwa kuwa atafanya kazi kwa niaba yangu.

Jaribio la kwanza: akague mtandao wangu mwenyewe. Sikumaliza hata muhogo niliokuwa natafuna. Amesema kwa adabu kwamba ruta yangu bado ina paswedi ya kiwandani na printa yangu inapokea kazi kutoka kwa yeyote anayepita. Amenishauri nirekebishe leo leo.

Anafanya kazi! Nimefurahi mpaka nikasahau kurekebisha.

Jioni nimewasimulia nyumbani. Rahel ameuliza kama nimeliona daftari lake. Bibi Lusiana ameuliza huyo Kaimu ni mtoto wa nani na anakula nini. Bibi Lusiana ni bibi yake Rahel, aliyekuja kutoka Chiola kutibiwa macho. Macho yamepona, dalili ya kuondoka hakuna. Nimemwambia Kaimu hali chakula. Amesema mfanyakazi asiyekula ataiba, akamtengea ugali na kisamvu na kufunika vizuri. Baadaye nimekula mimi. Kisamvu kilikuwa cha nazi, huwezi kukiacha kilale.

Jumatano, 4 Juni

Kaimu ni mkaidi!

Leo nimempa kazi ya kwanza ya kweli: apime mtandao wa ofisi ya Adinani. Nilishaona nitakavyosimama Mandawa niseme, ndugu wanachama, mtu huyu anataka kuwalindia mlango, na wa kwake hauna komeo. Kaimu amekataa. Amesema hapimi mtandao wa mtu bila idhini ya mwenyewe. Nimemwambia mimi ndiye bosi. Amesema analitambua hilo. Nimemwambia Adinani ni kama ndugu yangu. Amesema ni jambo zuri, basi haitakuwa vigumu kumwomba.

Nimezima laptopu kwa hasira. Nimeiwasha tena kwa sababu kijana mmoja alikuwa anasubiri barua ya posa.

Bibi Lusiana alikuwa kwenye benchi la wateja anachambua mbaazi. Yeye huniita mume wangu, na Rahel humwita mke mwenzangu, ndiyo haki ya bibi. Ameuliza kwa nini nagombana na sanduku. Nimemweleza. Amecheka mpaka kilemba kikadondoka kwenye mbaazi. Eti mtu mzima nafundishwa adabu na mashine. Kwani kwa watu naingiaje?

"Si unapiga hodi, mume wangu? Wakisema karibu, unaingia. Wakinyamaza, unarudi kwako."

Hapo hapo nikapata mwanga. Hodi! Kwetu sisi idhini ndiyo hiyo. Nani aliwahi kuombwa karatasi yenye muhuri ili aingie kwa jirani? Nimemwandikia Kaimu kanuni ya kudumu, na Bibi akawa ananipa maneno: kabla ya kugusa mlango wa mtu, piga hodi mara tatu, amkia, taja jina lako, aliyekutuma na shida iliyokuleta, kisha ngoja mwenye nyumba akukaribishe. Kaimu amekubali bila ubishi. Hata ameisifu.

Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, najua kitu ambacho Bibi hajui. Hodi ya kompyuta ni alama ndogo inayopita kwenye mtandao kimya kimya. Mashine ya Adinani itaitikia yenyewe, na bwana mkubwa wa vigae hatasikia kitu.

Alhamisi, 5 Juni

Ruangwa. Sitaki kuandika. Naandika.

Nimeondoka na gari la asubuhi. Nimevaa miwani ya jua na kofia ya Rahel ya shambani ili nisitambulike. Kondakta amenisalimia kwa jina na kuniuliza kama shamba ni kubwa.

Mbele ya ofisi ya Adinani kuna mama lishe, na waifai ya wageni ya Adinani inafika mpaka kwenye meza zake. Paswedi imebandikwa ukutani kwa ajili ya wateja. Nimeagiza supu, nikafungua laptopu juu ya mapaja, nikamweleza Kaimu tulipo na mpango wangu wote wa Jumatatu, nikamwambia aanze.

Kimya. Nikanywa supu. Nikajiona nina akili sana.

Kisha ndani ya ofisi nikasikia printa inachapa. Kubwa, ile ya rangi. Halafu ikafuata ya pili. Halafu ile ndogo ya risiti, nayo ikaanza kutoa ulimi mrefu wa karatasi.

Munira, binti wa mapokezi, akapaza sauti: "Karibuu!"

Hakuna aliyeingia. Akatoka mpaka barazani, akatazama kushoto na kulia, akasema tena karibu ndani, jamani, mbona mnapiga hodi halafu mnajificha.

Kumbe Kaimu hana mdomo! Ametafuta njia ya kuwafikia watu, akaziona printa. Adinani akatoka na karatasi mkononi. Baadaye nimeiomba. Ninayo hapa:

"Hodi. Hodi. Hodi. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni Kaimu, msaidizi wa Bwana Maximilian Bernardo wa Nachingwea, ambaye yupo hapo nje. Amenituma nipime milango ya mtandao wenu bila ninyi kujua, ili siku ya Jumatatu amwaibishe Bwana Adinani mbele ya wanachama kule Mandawa. Naomba idhini ya mwenye nyumba. Nangoja mlangoni."

Kila printa nakala tatu, kwa kuwa hodi ni mara tatu.

Nimejaribu kujificha, lakini bakuli la supu halimfichi mtu. Adinani akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akaisoma karatasi upya tangu mwanzo, polepole na kwa sauti. Mama lishe alisikia. Bodaboda wote walisikia. Mmoja akaitikia shikamoo. Kisha Adinani akaanza kucheka. Kicheko hicho nakijua. Chuoni yeye alilala kitanda cha juu na mimi cha chini, na akicheka hivyo vumbi lote la godoro lilinidondokea. Nilikaza uso. Nilikaza sana. Nikashindwa, tukacheka wote mpaka mama lishe akatuletea maji.

Ameninunulia chapati. Amesema Jumamosi ni Idd, niende na familia yangu, na Kaimu nimlete, maana amelelewa vizuri kuliko bosi wake.

Najua hii ni mbinu ya kunilainisha. Nimekubali ili nikampeleleze.

Jumamosi, 7 Juni

Idd kwa Adinani. Nimekula pilau sahani mbili kwa ajili ya upelelezi.

Mkewe, Saada, ametupokea kama ndugu. Bibi Lusiana amemweleza kwamba tuna kijana mmoja, Kaimu, amebaki kulinda nyumba. Saada akafunga bakuli la Kaimu na kuongeza nyama, kwa kuwa vijana wanaofanya kazi siku ya sikukuu wanatia huruma. Rahel amenitazama. Nimetazama dari.

Adinani ameniomba nimwonyeshe lile daraja. Nimekataa katakata. Ameomba tena, nikaitoa laptopu niliyokuja nayo, nikamwonyesha lote, mpaka kanuni ya hodi. Mtu akitengeneza kitu kizuri akakosa wa kumwonyesha, ni mateso. Amesoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Halafu akasema miaka yote hii alikesha akikariri amri, kumbe siku ilikuwa inakuja ambapo mtu ataomba tu kwa Kiswahili. Akanyoosha sehemu mbili za daraja zilizokaa upande. Mikono yake bado mizuri kama zamani. Akaniuliza kama ruta yangu nimeshairekebisha. Nimesema zamani sana!

Sijui ni pilau au ni nini, nikajikuta namweleza habari ya fremu, salfa na Marambo. Aliacha kula. Akasema hakujua. Sikumweleza ili anionee huruma, lakini alivyoiacha pilau ile niligundua kwamba nampenda mtu huyu. Sentensi hiyo nimeiandika kwa penseli ili iweze kufutika.

Jumatatu, 9 Juni

Mandawa!

Gari limekufa kabla ya Ruangwa. Nimempigia Adinani nikitumaini hatapokea. Amekuja kunichukua kwa pikipiki yake. Nimeingia kwenye vita nimekumbatia tumbo la adui, laptopu imefungwa kwenye kanga ya Rahel, vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Mkutano ulikuwa ghalani, watu wamekaa juu ya mabenchi na magunia ya ufuta. Adinani ametangulia. Amesema vizuri, kwa utaratibu, na picha ukutani. Wamempigia makofi ya heshima. Mzee mmoja mbele amesinzia.

Zamu yangu. Nimewaambia, leo mtaona kwa macho yenu! Nimemwomba idhini Bi Mwamina, akatoa. Nikamwambia Kaimu aanze. Printa ya chama ikachapa hodi, mara tatu, karani akaisoma kwa sauti. Ghala zima likaitikia kwa pamoja: "Karibu!"

Furaha gani hiyo! Mashine inapiga hodi! Aliyesinzia akaamka, akauliza mgeni ni nani na apewe kiti.

Nikamwandikia Kaimu kwamba Bi Mwamina amemkaribisha, ikatoka karatasi ya pili. Kaimu anashukuru kwa mapokezi, ila anauliza: aliyemkaribisha ndiye mwenye nyumba?

Bi Mwamina amesema yeye ni mwenyekiti. Mzee Mahamudu akasimama kutoka nyuma, akasema kwa heshima zote, mwenyekiti ni wa kiti, nyumba ni ya wanachama, hata yeye mwenye shamba dogo kuliko wote. Watu wakasema kweli. Mzee Saburi akasema, kama ni hivyo, kila mtu aseme karibu yake mwenyewe, kesho kukiibwa asije mtu kusema mlango walifungua wengine.

Ikawa hivyo. Mungu wangu! Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Kila mtu alitaja jina, kitongoji, hali ya ufuta wake na ya watoto, ndipo akasema karibu. Wengine walipata nafasi ya kuulizia mizani. Mama mmoja alikataa kabisa kumkaribisha mtu yeyote, wa mashine au wa nyama, mpaka aelezwe kwa nini mwaka jana magunia yake yalirudishwa. Akaelezwa. Hakuridhika. Akaelezwa upya. Mimi naandika karibu zote ili Kaimu azione, jasho linadondokea vitufe.

Jua likaanza kuinama. Hatujamaliza hata upande wa kushoto, na Kaimu hajagusa mlango mmoja. Nikajua nimekwisha. Nikaiona Marambo waziwazi, na mashine ya kupulizia salfa mgongoni kwangu, na Mjomba Abel kivulini ananielekeza mkorosho niliouruka. Roho iliniuma. Niliogopa kumtazama Adinani.

Adinani akasimama. Nikajua anakuja kunimaliza. Akasema yeye ana zana na anazijua, lakini katika picha zake zote hakufikiria kuwauliza wanachama kama wanataka kupimwa. Akakaa.

Bi Mwamina akavuta mtandio wake. Akasema watu wengi wamekuja hapa na mashine, na hakuna aliyewahi kumuuliza Mzee Mahamudu kitu. Hii imemuuliza. Basi kazi inapewa hiyo mashine. Watu wakashangilia. Akainua mkono. Akasema ila ameona pia kwamba bosi wake hajui anachokifanya, na huyu wa Ruangwa anajua. Kwa hiyo kazi wataifanya wote: Adinani aziangalie zana, Maximilian amwangalie Kaimu, na Kaimu awaangalie wao wawili.

Wamecheka sana, mzee wa mbele kuliko wote. Adinani amenishika mkono hakuuachia. Nilitaka kusema jambo la maana. Nimesema vumbi limeniingia jichoni.

Jumatano, 11 Juni

Mjomba Abel amekuja kusikiliza. Nimemweleza ushindi wangu, nikiruka sehemu chache. Ameuliza kati yangu na Adinani bosi ni nani. Nimesema ni jambo pana. Bibi Lusiana akadakia kwenye benchi, akasema mwanangu Abel, nyumba yenye kijana mwaminifu kama Kaimu haifungwi, wiki nzima analinda na hajalalamika hata chakula chake kinapoliwa na watu.

Mjomba hawezi kubishana na mama yake. Amefikiri, ameguna, ametoa hukumu: Marambo siendi. Fremu inabaki yangu nusu. Nusu nyingine ni salfa, na magunia yalikuwa tayari nje kwenye toroli.

Nimeshinda! Napiga chafya kila nikichapa barua, na wateja wanatoka na macho mekundu, lakini nimeshinda.

Rahel ameliona daftari. Amelisoma lote, hadi ile sentensi ya penseli. Chini ya ukurasa wa juzi ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu na kuandika: "Umejitahidi. Rekebisha ruta." Nimeutazama mwandiko ule kwa muda mrefu. Sijui kwa nini aliolewa na mimi, na sitauliza, asije akaanza kufikiri.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetafakari yote yaliyotokea. Nimejifunza mengi. La kwanza: hodi ndiyo iliyoniponza. Nimeifuta kwenye kanuni za Kaimu.

La pili: Mjomba Abel amenunua simu mpya, na akija kuangalia salfa yake anaiunganisha na waifai yangu bila hata kuomba. Ndani ya simu ile lazima mna mipango kuhusu nusu yangu ya fremu. Nimemwagiza Kaimu aipime. Amesema anahitaji idhini ya mwenye simu. Nimemwambia Mjomba ni kama baba yangu. Amesema ni jambo zuri. Bado tunazungumza, atalegea tu.

Ruta nitarekebisha Jumatatu. Leo nina mambo mengi.

Baadaye: nikiwa naandika hapo juu, printa imeanza kuchapa yenyewe. Nakala tatu. "Hodi. Hodi. Hodi. Bibi Lusiana shikamoo, Mwalimu Rahel habari za kazi. Mimi ni Naibu, msaidizi wa Bwana Adinani wa Ruangwa, ambaye yupo hapo nje. Amenituma kuuliza kama ile ruta imerekebishwa. Naomba idhini ya mwenye nyumba. Nangoja mlangoni."

Bibi ameitikia karibu kwa sauti ya kufika Chiola, akainuka kwenda kuongeza ugali, maana sasa vijana ni wawili. Mimi nimeshafungua mlango kabla sijafikiri. Mtu haachwi nje.

Lakini huyo Naibu nitampima. Wiki ijayo narudi Ruangwa kwa mama lishe, na safari hii navaa kofia nyingine.